Visanduku Vitano vya Jarida la Nyumbani

Mbwana alimaliza shule akakaa bila kazi, lakini kwa jarida la nyumbani kwao, aisee, hakuna aliyemfikia. Kila nyumba inatoa lake mtandaoni kila Ijumaa, na ukishausajili mpangilio wa ukurasa, ndio huohuo milele, unabadilisha habari na picha tu. Wake ulikuwa na visanduku vitano vya sura za watu watano wa nyumba hiyo, vimekaa vizuri mpaka mtaa mzima ukamuiga.

Halafu dada yake Zuhura akajifungua. Asiyekuwemo jaridani hatibiwi, na mtoto alihitaji chanjo.

"Nitoe mimi," bibi akasema. "Sura yenyewe imeshachuja."

"Bibi, acha utani!"

"Utani gani? Mweke huyo mume wangu mdogo, apendeze."

Mbwana akamweka mtoto kwenye kisanduku cha bibi. Toleo likatoka bomba, sifa zikamiminika, mtoto akachanjwa siku hiyohiyo. Mama akatamba kwa majirani: "Kijana wangu huyo!"

Jioni bibi akarudi kutoka sokoni. Mlango, ambao unawafungukia waliomo jaridani tu, ukamuuliza ni mgeni wa nani.

Mbwana, akiwa sebuleni, akamsikia akiujibu kwa maringo:

"Mgeni wa Mbwana. Yule fundi aliyepanga ukurasa."