Sauti Zilizobaki Sikioni

Siku hizi anayepoteza usikivu hupandikizwa sikio la bandia, na likimdhuru, sheria humpa wakili bure. Ndivyo Wakili Mkwizu alivyofika jikoni kwa Nakijwa. Sikio la Nakijwa lilikuwa bovu. Lilirudia sauti za zamani na kuzifunika za sasa.

"Afadhali wewe, dada. Mteja wangu mwingine goti lake la bandia linampeleka lenyewe kilabuni," wakili alitania. "Tumeshinda kesi. Weka saini, kesho watengenezaji wanakutolea hilo na kukuwekea jipya."

"Na sauti zilizomo?"

"Zinafutwa zote."

Nakijwa alishika kalamu. Papo hapo marehemu mama yake akaita sikioni, kama alivyoita miaka sita iliyopita: "Naki, njoo mwanangu, uji unapoa." Nusura aitike.

"Waambie limepona," alisema, akairudisha karatasi.

Midomo ya wakili ilicheza, lakini Nakijwa hakusikia neno. Kisha wakili aliinuka haraka, akaingia chumbani, akarudi amembeba Tumsifu, binti mchanga wa Nakijwa. Uso wa mtoto ulikuwa umelowa, mdomo wazi, akilia kilio ambacho mama yake hakujua kilianza saa ngapi.