Marehemu Yuko Stoo

Siku ile mjinga alikuwa Fundi Vitasa mwenyewe, na mpaka leo hajamsingizia mtu mwingine. Miaka ishirini na mitano anawafungulia watu milango yao, halafu siku mgeni wa ufadhili anabisha hodi, yeye kajifungia kwenye stoo ya nyumba yake, kati ya ndoo, pasi mbovu na makasha ya makufuli.

Kitasa cha mlango ule alikiunda kwa mikono yake. Hakifunguki kwa ndani hata kidogo, ili mwizi akiingia abaki humo humo awasubiri wenye nyumba. Alikuwa akijisifia sana kitasa hicho. Sasa kimelia tak nyuma ya mgongo wake, na bisibisi zote ziko mezani sebuleni. Mganga hajigangi.

Kisa chenyewe kilianzia kwa kinyozi wa jirani. Binti wa Fundi alikuwa amepata nafasi chuoni kusomea uhandisi, ada hakuna. Mteja mmoja, karani, akawaambia kuna ufadhili wa wasichana wanaoingia fani hiyo, hasa wale wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo. Fomu zilikuwa zinafungwa Ijumaa. Binti akiukosa huo, nafasi inakwenda kwa mwingine, na yeye anabaki kuchonga funguo na baba yake maisha.

"Andikeni yatima," kinyozi alishauri, wembe ukiwa shingoni mwa Fundi. "Mwenye baba ataulizwa baba anafanya kazi gani. Marehemu haulizwi kitu."

Ukiwa na wembe shingoni, kila neno ni hekima. Jioni hiyo Fundi akaketi na binti yake mezani, kati ya funguo za wateja, kila moja na uzi wake wa rangi. Yeye akatamka barua, binti akaandika. Miwani ya Fundi ilikuwa imevunjika tangu binti hajaota meno, kwa hiyo makaratasi yote ya nyumba ile yalikuwa kazi ya binti. Alipofika kwenye, "Baba yangu mpenzi alitutoka mvua ikinyesha," kalamu ikasimama.

"Baba, kwani lazima ufe?"

"Nakufa kidogo tu, mwanangu. Ukihitimu nitafufuka. Haya, nisomee."

Binti akasoma. Akarudishwa mwanzo mara tatu, na mara ya tatu Fundi akafuta machozi, akimlilia marehemu.

Wiki chache baadaye wakaarifiwa kwamba mgeni atakuja kuiona nyumba. Wakakubaliana marehemu ashinde kwa kinyozi. Lakini mgeni akatangulia kwa saa nzima, binti yuko uani anaanua nguo, mama yake yuko zamu hospitalini, na mlango wa kutokea barabarani ni huo huo mmoja unaobishwa hodi. Ndipo Fundi alipoiona stoo.

Ndani humo hapakaliki wala hapasimamiki. Alijikunja magoti yakagusa kidevu. Joto la tanuri. Vumbi lilimpanda puani, na kila chafya ilipokuja aliimeza kama dawa chungu. Upande wa pili wa ubao, sauti zilikuwa karibu kiasi cha kuzigusa.

"Nimesoma habari za baba yako mara mbili," alisema mgeni, mama mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa.

"Asante, mama."

"Na hii tupa ndogo ya kusugulia funguo ilikuwa yake?"

"Ndiyo. Aliniachia nikiwa darasa la saba."

"Nilitamani sana kumwona."

"Hata yeye angefurahi," binti akajibu, kwa upole ambao ulimfanya Fundi, huko gizani, ajionee huruma upya. Mtoto huyu, akawaza, ananizika vizuri.

Kalamu ilikwaruza karatasi. Mguu wa Fundi ulikuwa umekufa ganzi. Akausogeza kidogo, kiasi cha kidole, na kasha zima la makufuli likammwagikia kichwani, madogo yakitangulia, la geti likifunga msafara.

"Kuna nani humo?" mgeni akauliza.

Fundi alisikia hatua za binti zikija, kisha waya ukiingia kwenye tundu la kitasa ambacho hakuwahi kumfundisha mtu namna ya kukifungua. Waya ukapapasa, ukatulia, ukapapasa tena. Tak.

Akatoka kwa magoti, utando wa buibui ndevuni.

"Mimi ni baba yake mdogo," alisema kabla hajaulizwa. "Mdogo wake marehemu. Watu husema tunafanana."

"Marehemu gani?"

"Marehemu baba wa huyu binti. Habari zote zimo kwenye barua, mama. Hata mvua imo."

Mgeni alimtazama yeye, akamtazama binti na waya wake, akafungua jalada. Akasoma kwa sauti, bila haraka: "Baba yangu ni fundi vitasa. Kila ninachokijua kuhusu mashine kimetoka mikononi mwake, na hakuna mlango uliowahi kumshinda." Akatupa jicho stoo. "Mvua siioni."

Fundi akamgeukia binti yake. "Barua gani hiyo? Mimi si ulinisomea mvua, ukanisomea na mazishi, mara tatu? Mbona wao umewaandikia mengine?"

Binti akaukunja waya, akautia mfukoni.

"Kwa sababu wewe hujui kusoma, baba. Wao wanajua."