Kidole Kikombeni

Waya wa tatu ulipobandikwa kisogoni kwa binti yake, mama alitazama pembeni. Mtoto mwenyewe, wa miaka minne, alikaa wima kitini kama hakimu, akipakwa jeli ya baridi wala halii.

"Hakiumi hiki kipimo," daktari alisema. "Macho yakiona, hupeleka umeme kidogo sana ubongoni. Mashine inausoma. Mtoto hahitaji hata kunijibu."

Na kujibu ndiko kulikomshinda. Asubuhi ile alipoonyeshwa picha azitaje, aliinama tu akanyamaza.

Kwenye skrini, viraba vyeusi na vyeupe vikaanza kubadilishana nafasi. Mama akajiinamia. Kazi yake ilikuwa mbali. Nyumbani alifika Jumamosi kwa Jumamosi, na mtoto alilelewa na bibi. Kila alipokuja alikuta jipya. Mara mtoto anapapasa ukuta akitembea. Mara anauliza "Nani huyo?" na mtu yuko mbele yake. Mara anatia kidole kikombeni ajue chai imefika wapi. Mwezi uliopita alimchapa kidole hicho. "Acha ujinga!" Leo kibao kile kilimwasha yeye mwenyewe.

"Mama, si ungeniambia mapema?" akamgeukia bibi, akamnong'oneza.

"Mtoto hana kitu. Nimekwambia tangu jana, tusije." Bibi alikaa ukingoni mwa benchi, akisokota ncha ya mtandio.

Skrini ikazimwa. Daktari akatoa karatasi, akayafuata mawimbi kwa kalamu.

"Macho mazima. Njia ya kwenda ubongoni nzima. Huyu anaona kuliko mimi na wewe."

Mama akashusha pumzi, kisha akaduwaa. "Sasa mambo yote yale kayatoa wapi?"

"Nyumbani anashinda na nani?"

Mama akamtazama bibi. Daktari akaenda kuchuchumaa kando ya kiti, akaanza kumbandua mtoto waya.

Bibi akainuka polepole, machozi yakimchuruzika. Akaligeukia koti jeupe lililotundikwa nyuma ya mlango.

"Daktari," akaliambia, "kosa ni langu. Niliogopa nitanyang'anywa mjukuu."

Mtoto akashuka kitini, waya mmoja ukimning'inia, akamshika bibi kiwiko na kumgeuza taratibu, kama mtu aliyeizoea kazi yake.

"Bibi, daktari yuko huku."