Ukanda wa Dengu

Mchanga tena. Mirella, daktari wa akiolojia, aliurusha nje ya shimo kwa beleshi, akalaani kimoyomoyo. Ilikuwa siku ya tano, na kibali chake cha kuchimba kilikuwa kinaisha saa sita mchana. Asipopata hata jiwe moja la barabara ya kale ya Warumi, shamba hili lingepitiwa na barabara mpya ya malori, na habari ya Warumi ingeishia hapo.

Juu ya shimo, mwenye shamba, Bibi Ortensia, alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni akiambua maharage mabichi. Tangu Jumatatu hakuwa na msaada wowote ila kejeli.

"Chimba, daktari. Ukikosa Warumi utapata panya fuko."

"Ramani zote zinasema inapita hapa, bibi. Hapa hapa kwenye dengu zako."

"Ramani hazijawahi kushika jembe. Mimi nimelima hapa miaka sitini, sijaona hata kokoto."

Shamba lenyewe lilikuwa la ajabu. Kulia mizeituni, kushoto mizeituni, lakini ukanda huu wa katikati haukuwahi kupandwa mti hata mmoja. Mirella alipouliza sababu, bibi alijibu kwamba anapenda dengu.

"Kwa jirani yangu waliyapata mawe," Ortensia aliendelea. "Wakaja wakubwa kutoka mjini wakayabeba yote, eti wanakwenda kuyahifadhi. Mpaka leo yanakanyagwa na magari kwenye ua wa tajiri mmoja."

"Mimi si kama wale, bibi."

"Hata wale walisema hivyo hivyo."

Mirella aliinama kutazama. Beleshi lilikuwa limeinua kitu kidogo chenye kutu: sarafu ya lira hamsini, fedha ya zamani ya Italia, ya mwaka 1962. Akavunjika moyo. Udongo wa huku ni mfinyanzi mtupu, lakini huu ulikuwa mchanga safi wa mto, ule ambao mafundi wa mabomba ya maji hutandika chini ya bomba. Basi mafundi walishapita, wakachimba, wakang'oa kila kitu. Miaka minne ya kuandika barua, kubembeleza maofisa na kuitwa kichaa, kumbe alikuwa akihangaikia mtaro wa bomba. Alilipiga beleshi teke, kisha akampigia simu mhandisi wa barabara mpya.

"Hakuna kitu," alisema. "Leteni mashine hata leo."

Ortensia aliacha kuambua maharage. "Mashine za nini? Si wanamwaga lami juu tu?"

"Lami baadaye, bibi. Kwanza wanachimba mita tatu."

Bibi aliinuka. Kisha aliweka bakuli chini, akavua viatu, akanyoosha mkono ili ashushwe shimoni. Alipofika chini alimpokonya Mirella ile sarafu, akaifuta kwa aproni na kuigeuza mbele na nyuma.

"Kumbe ilidondokea huku tulipokuwa tukimwaga mchanga," alisema. "Marehemu mume wangu amekufa akiamini nilimwibia mimi."

Akaukanyaga mchanga kwa kisigino, akisikiliza.

"Zimebaki shubiri mbili kuyafikia mawe. Weka hilo beleshi pembeni, daktari, tumia mikono. Utayakwaruza."