Porti Namba Tisa

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, porti namba tisa ilizimika tena. Simu ya Chebet ilitetema juu ya meza ya mlinzi, kando ya kikombe cha chai, naye akasonya.

"Jumanne," alisema. "Hata aibu ya kubadilisha siku hana."

Chebet alikuwa fundi wa mitandao mjini Kakamega. Kituo cha watoto yatima kilichoko barabara ya Malava kilimwita kwa jambo dogo tu: intaneti ilikuwa inakokota. Alifungua kabati la swichi, kile kifaa kinachogawa intaneti, akakuta mende, mavi ya mende, na nyaya zilizosokotana vibaya. Akasafisha kwa kinyaa. Akazifunga porti zote, yaani matundu ya kuchomekea nyaya, zilizokuwa wazi bure, asije mtu wa nje akapenyeza mkono. Kisha akaweka programu ya kuzichunga zilizobaki: ipi inalemewa, ipi inazimika, saa ngapi na kwa muda gani.

Baada ya mwezi mmoja intaneti ilikuwa imepona, na porti namba tisa ilikuwa imemchongea mtu. Ilikuwa porti ya kamera ya jikoni. Bwana Phineas, mkurugenzi, aliiweka kamera hiyo mwaka jana baada ya kumfukuza mpishi aliyewalalamikia wageni habari za chakula. Sasa kila Jumanne asubuhi mtu aliuchomoa waya wake, akaurudisha baada ya dakika kumi na moja.

Bwana Phineas alipoonyeshwa rekodi hizo alipiga meza.

"Ni mahindi! Mahindi niliyonunua mwenyewe! Lazima ni gunia moja kila wiki tangu Januari! Nishikie huyo mtu, Chebet, na siku hiyo hiyo anaenda kwao."

Funguo za jiko na stoo zilikaa kwa mtu mmoja tu: Navalayo, mpishi, mjane wa miaka sitini ambaye watoto thelathini wa pale walimwita Kukhu, nyanya yao. Hilo ndilo lililomchefua Chebet kuliko mende wote wa kabatini. Mwanamke ana shamba lake Lugari, anavuna mpaka anakosa pa kuweka, halafu anawapora wasio na baba wala mama! Na mchana anawapakulia githeri, mahindi na maharagwe, huku akiwafuta makamasi. Uso wa namna gani huo?

Kwa hiyo leo Chebet alifika mapema na kujibanza kwa mlinzi. Simu ilipotetema, aliiacha chai akazunguka nyuma ya jiko.

Pikipiki ilikuwa imeegeshwa mlangoni, kamba yake ya mpira ikining'inia. Gunia lilikuwa nusu kwenye kiti, nusu begani mwa Navalayo. Mwendeshaji alipomwona Chebet aliachia mikono. Gunia likaanguka, likapasuka pembeni, na mahindi meupe, makavu, yakamwagika miguuni pao.

Chebet akapiga picha tatu.

"Mwanangu," Navalayo alisema akihema, "futa hiyo picha. Tafadhali."

"Nifute? Mama, hawa watoto hawana mtu!"

"Ndiyo maana."

Chebet alitamani kutema mate. Alishawaona wezi wanaokana na wezi wanaolia, lakini mwizi wa kukujibu hivyo, macho makavu, hakuwahi kumwona. Alimgeuzia mgongo akaenda kumwita mkurugenzi.

Saa mbili walikuwa ofisini, gunia limelala sakafuni kama ushahidi. Bwana Phineas alizitazama picha kwa furaha asiyoificha.

"Uko na la kusema?"

"Mimi sibebangi kitu ya mtu," Navalayo alisema. "Na wewe unajua."

"Ongeza neno moja niite polisi. Wakija polisi, wakaguzi watafuata, na wakaguzi watafunga hii nyumba. Ndiyo unataka? Hawa watoto waende wapi?"

Navalayo aliangalia dirishani. Watoto walikuwa wanapita kwenda darasani, wanasukumana, wanacheka. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka mezani pamoja na funguo.

Alipopita mlangoni Chebet alisogea kando asiguswe na nguo zake.

"Umefanya kazi safi," Bwana Phineas alimwambia. "Sasa niwekee kamera nyingine ndani ya stoo. Leo leo."

Kufika saa nne Bwana Phineas alikuwa amempata mpishi mwingine, Quinter, mwanamke mchangamfu kutoka mjini. Alimkabidhi funguo langoni, akaingia garini akaenda zake.

Quinter alifungua stoo, Chebet akimfuata na kamera. Harufu iliwapiga kabla hawajaona kitu, na Chebet akaziba pua kwa leso. Mlangoni kwa ndani palikuwa pamebandikwa karatasi ya mapokezi: Januari, magunia thelathini na mawili. Chebet alipanda ngazi ili aifunge kamera, na kwa kuwa ripoti yake ilihitaji idadi ya magunia yaliyobaki, akaanza kuhesabu kutoka juu. Alipomaliza alihesabu upya, akigusa kila moja kwa kidole.

Yalikuwa thelathini na mawili, yote bado yameshonwa kwa uzi wa muuzaji, hata moja halijafunguliwa.

"Dada, nipishe, watoto watachelewa kula," Quinter alisema, akalipasua la kwanza kwa kisu. Mahindi hayakumwagika. Yalitoka bonge zima, kijani kwa kuvu, likitambaliwa na funza.

Quinter alirudi nyuma akijifuta mikono kwenye sketi.

"Woi! Sasa hawa watoto wamekuwa wakikulanga nini tangu Januari?"