Mkono wa Kulia kwa Anayejua

"Anayejua ainue mkono wa kulia," Mwalimu Wabwile aliwakumbusha wanafunzi wa darasa la saba. "Asiyejua ainue wa kushoto. Lakini wote muinue, na muwe mnatabasamu."

Gari la wageni lilikuwa limeshaingia getini.

Hila hiyo hakuibuni yeye. Alifundishwa na mwalimu wake akiwa mtoto huko Bungoma, asubuhi ambayo mkaguzi alitarajiwa, na tangu aanze kazi hapa Kiminini ilikuwa imemwokoa zaidi ya mara moja. Mgeni huona mikono imejaa hewani, mwalimu huchagua ya kulia tu, na kila jibu huwa sahihi. Ila leo ilimsumbua, na sababu ilikuwa Edah.

Edah alikuwa mkufunzi wa hesabu. Mwaka huo wa 2005 alikuwa akizunguka shule hadi shule akiwasihi walimu waache kukaririsha. Mtoto ashike kitu, apime, aone mwenyewe, ndipo aeleze. Mwanzoni mwa muhula alimletea Wabwile gunia la mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, pamoja na nyuzi. Watoto wazungushe uzi kwenye mkebe, waulinganishe na upana wa mdomo wake, wagundue siri ya duara bila kuambiwa.

Kila alipopiga simu kuuliza, Wabwile alimjibu, "Iko sawa kabisa, madam. Watoto wameshika."

Gunia lilikaa stoo. Alifundisha kama alivyofundishwa yeye: andikeni, rudieni, haya tena. Siku moja Hibo, binti wa muuza nguo pale sokoni, alimuuliza, "Mwalimu, hiyo ishirini na mbili juu ya saba ya duara ilitoka wapi?"

"Wewe ishike tu," alimwambia. "Mtihani hautakuuliza ilitoka wapi."

Hibo alikaa chini na hakuuliza swali tena hadi leo. Wabwile alijua kwamba alikuwa amemfunga mtoto mdomo kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na jibu, na aibu hiyo haikuwa imemtoka.

Sasa Bwana Kagwe, afisa wa wizara ya elimu, alikuwa ametoka Nairobi kuja kujionea. Somo likimridhisha, mafunzo ya Edah yangeenezwa shule zote, kuanzia Kitale mpaka Bungoma. Likiharibika, yangefungwa. Kati ya madarasa yote, Edah alichagua la Wabwile.

"Nakutegemea, mwalimu," alimnong'oneza mlangoni. "Usiniangushe."

Walimu wa hesabu kutoka maeneo ya Kwanza, Kitale na Bungoma walijibana nyuma ya darasa, kalamu mkononi, wakiandika hata kabla hajasema neno. Bidii yao ilimzidishia uchungu. Hawa walikuja kujifunza kweli, naye alikuwa anawauzia hewa.

Mikebe ilikuwa imepangwa mezani. Aliipangusa alfajiri, haraka haraka. Edah aliinua mmoja, akachungulia ndani, na Wabwile akauona utando wa buibui aliousahau alipokuwa akipangusa. Edah alitoa leso yake, akapangusa taratibu, akaurudisha mkebe mezani umefunikwa mdomo chini. Pengine alidhani ni vumbi la chaki.

Somo likaanza. Swali, mikono yote juu. "Suad," mkono wa kulia, jibu sahihi. "Tonny," mkono wa kulia, sahihi. Bwana Kagwe alianza kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Hibo alikuwa ameinua wa kushoto, juu kuliko wenzake, akitabasamu kama alivyoagizwa. Aliamini anamsaidia mwalimu wake. Wabwile alishindwa kumtazama usoni.

"Madam, hebu na wewe uwaulize," alisema Bwana Kagwe. "Chagua yeyote."

Edah alitembea hadi katikati ya darasa. "Uzi unaouzunguka mkebe huu ni mara ngapi ya upana wake?" aliuliza. Mikono ikapanda. Mkono wa Hibo karibu umguse shavu, lakini Edah alimpita, akamwita mvulana wa dirishani. Mkono wa kulia. "Mara tatu na kidogo," alijibu mvulana. Edah akamwita msichana wa mbele. Mkono wa kulia, jibu safi.

Wabwile alimshukuru Mungu kwa bahati ile, kisha akaona haya kwa kumwingiza Mungu katika jambo kama hilo.

Somo lilipokwisha, Bwana Kagwe alipiga makofi. Hibo alishusha mkono, akaanza kulikanda bega lililochoka. Hilo ndilo lililomshinda Wabwile. Mtoto alikuwa amechoka kwa kuficha uvivu wa mwalimu wake, na hakuna mtu angemjibu swali lake kamwe. Aliweka chaki mezani. Kazi ya Edah ingekwisha leo, na yake pia, lakini bora iishe.

"Mheshimiwa," alisema, "kuna jambo lazima niseme kuhusu darasa hili."

"Utasema, mwalimu, ngoja kidogo tu." Bwana Kagwe aliwageukia waliokaa nyuma, uso umechangamka. "Kwanza nisikie kutoka kwa hawa, pamoja na mkufunzi wao. Nani hapa ameielewa mbinu hii mpya, na anaweza kwenda kuifundisha?"

Walimu waliweka kalamu chini. Mikono ikainuka mara moja, kutoka ukutani hadi mlangoni, na kila mtu alikuwa anatabasamu. Edah ndiye aliyetangulia kuinua wake.

Yote ilikuwa ya kushoto.