Ubao Mtupu wa Zawena

Siku hizi mjini Tanga hakuna anayebisha hodi kwa mwenzake kwa kubahatisha. Kila nyumba ina ubao ukutani unaoonyesha majina ya watu wanaotaka kukuona leo, na jina la mtu lisipotokea, huendi kwake.

Zawena alikuwa fundi wa mbao hizo mtaani Chumbageni. Asubuhi ile aliitwa na Mzee Shemdoe, ambaye ubao wake ulikuwa mtupu kwa wiki tatu.

"Wamenichoka, mwanangu," alisema mzee.

"Hebu tuangalie kwanza, babu."

Zawena alifungua kichujio, sehemu ya ubao inayochagua majina ya kuonyesha. Kigeu cha tarehe, yaani nafasi inayojazwa tarehe mpya kila siku, kilikuwa kimefungwa ndani ya alama za kunukuu, kwa hiyo mashine ilikuwa ikitafuta neno "leo" badala ya tarehe ya leo. Alizifuta alama hizo. Yakatokea majina saba.

"Kumbe wapo!" Mzee alikimbilia kofia yake, akasahau hata kumuaga.

Zawena alirudi nyumbani, akafungua ubao wake mwenyewe, uliokuwa mtupu tangu mfungo uishe. Alikagua kigeu kimoja kimoja. Vyote vilikuwa sawa. Akaondoa sharti la tarehe, ili aone yeyote aliyewahi kutaka kumwona siku yoyote mwaka huo. Hakutokea mtu.

Akapiga simu kwenye ofisi inayotuma mafundi wa mbao, bila kujitaja. "Ubao wangu umeharibika."

"Upo mtaa gani, dada?"

"Chumbageni."

"Basi usihangaike. Fundi wenu, Zawena, ni hodari sana. Kaa nyumbani, atakuja."

Alishukuru, akakata simu, akaketi karibu na mlango.